Mwenye Jina ni Nani?

Wahenga walitutegea kitendawili: kitu ni changu, lakini wenzangu hukitumia kuliko mimi. Jawabu lake ni jina. Mtoto wa darasa la kwanza hulitoa bila taabu, kisha akaendelea na mchezo wake. Walakini ndani ya kitendawili hicho kifupi limejificha swali zito ambalo watu wazima, wanasheria na wafanyabiashara wa zama zetu hawajalimaliza. Ikiwa jina ni langu, na wanaolitumia ni wengine, mwenye jina hasa ni nani? Ni yule aliyelibeba? Ni yule aliyelitoa? Ni wale wanaoliita? Au ni yule aliyekwenda ofisini, akaliandikisha katika daftari na kulipa ada?

Zamani swali hili lilikuwa la barazani. Leo limekuwa swali la fedha nyingi na la mahakama, na kwa hiyo limekuwa swali la maadili. Tunakusudia kulichungua kwa kutazama mahali ambapo biashara ya majina imekua ikakomaa sana, yaani katika timu za michezo za vyuo vikuu vya Marekani. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Jambo la nyumbani aghalabu hututia hasira au fahari kabla hatujafikiri. La mbali hulitazama tukiwa tumetulia, na tukiisha kulielewa ndipo tunapogeuka kujitazama wenyewe.

Yafaa kwanza kueleza hali ilivyo. Katika Marekani timu ya chuo kikuu si jambo dogo la wanafunzi kupumzisha akili jioni. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan huchukua watazamaji zaidi ya 100,000, ilhali Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam huchukua 60,000. Kila timu ina lakabu yake: wapo walioitwa dubu, wapo mwewe, wapo chui. Shabiki huivaa lakabu hiyo katika fulana na kofia, huinywea chai katika kikombe, na hata mtoto mchanga huvikwa nembo yake kabla hajajua kusema. Hapo awali watengenezaji wengi walichapa majina hayo na kuyauza bila ya vyuo kupata kitu. Mwaka 1981 Bill Battle, aliyepata kuwa kocha wa kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Tennessee, alianzisha kampuni ya kusimamia leseni za vyuo, na Chuo Kikuu cha Alabama kikawa mteja wake wa kwanza. Utaratibu wake ni mwepesi kuufahamu. Chuo huandikisha jina na nembo yake kuwa alama ya biashara; mtengenezaji anayetaka kuzitumia huomba leseni; na kwa kila fulana inayouzwa hulipa mrabaha, ambao ni sehemu ya bei. Anayechapa bila leseni hushtakiwa.

Hadi hapo hatuoni kosa. Fundi wa majahazi hutia alama yake katika kazi yake, na anayeighushi ni mwizi. Chuo kilichojipatia jina jema kwa kufundisha vizuri na kucheza vizuri kina haki ya kulilinda lisipachikwe juu ya kitu duni. Chema chajiuza, nacho kikijiuza, si haramu mwenyewe kupata riziki. Taabu huanza pale jina linalouzwa lilipokuwa si la chuo tangu mwanzo, bali lilichukuliwa kwa watu wengine.

Chukueni habari ya Chuo Kikuu cha North Dakota. Timu zake kwanza zilibeba jina la mnyama mdogo wa jamii ya kindi. Mwaka 1930 jina hilo likaachwa, zikaitwa Sioux, jina la watu walioishi katika nchi ile kabla ya Wazungu kufika. Na baadaye likaongezwa neno la kuonyesha upiganaji. Sioux wenyewe hawakuulizwa. Zaidi ya hayo, hata neno hilo si la kwao. Ni neno lililotokana na lugha ya majirani zao wa Ojibwe, likakatwa na kunyooshwa na Wafaransa. Wao hujiita Dakota na Lakota, yaani marafiki, watu wa muungano. Basi watu waliojiita marafiki walipewa jina na wageni, na jina hilo la wageni likatiwa upiganaji na kuuzwa katika fulana.

Jambo hili si geni kwetu. Wadatoga wa mikoa ya kaskazini na kati kwa muda mrefu wameitwa Wamang'ati na majirani na hata katika maandishi. Nalo ni neno la Kimasai lenye maana ya maadui. Mtoto wa Kidatoga akikaa darasani na kuitwa kwa jina hilo, huitwa adui na mwalimu ambaye pengine hana uadui wowote moyoni. Mwalimu hajui, lakini kutojua kwake hakumwondolei mtoto uzito wa jina.

Turudi North Dakota. Mwaka 2005 Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo cha Marekani, kiitwacho kwa kifupi NCAA, kilitoa amri kwamba vyuo 18 vyenye majina na sanamu za wenyeji wa asili visingeruhusiwa kuvionyesha katika mashindano yake ya ubingwa. Chuo cha North Dakota kilikwenda mahakamani mwaka 2006, na mwaka 2007 pande mbili zikapatana: chuo kipewe miaka mitatu kutafuta idhini ya jamii mbili za Sioux zilizo karibu, yaani Spirit Lake na Standing Rock. Mwaka 2009 watu wa Spirit Lake walipiga kura, na kiasi cha theluthi mbili wakakubali jina litumike. Baraza la Standing Rock halikutoa idhini. Mwaka 2011 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kukilazimisha chuo kishike jina lile, kisha mwaka huohuo likaifuta. Juni 2012 wananchi wa jimbo walipiga kura, na wengi wakaamua jina liachwe. Mwaka 2015 timu zikapata jina jipya la mwewe.

Wakati huo wote fedha haikukaa kimya. Tajiri mmoja, Ralph Engelstad, aliyepata kusoma katika chuo hicho, alikijengea ukumbi wa mpira wa magongo wa barafuni uliogharimu zaidi ya dola milioni 100 na kufunguliwa mwaka 2001. Kabla ujenzi haujakamilika aliandika barua kwamba jina likibadilishwa atasimamisha kazi. Kisha nembo ya Sioux ikatiwa ndani ya jengo kwa maelfu, katika viti, milango na sakafu, hata ikawa anayetaka kuondoa jina hana budi kubomoa jiwe. Hapo tunaona jinsi sadaka inavyoweza kuwa pingu. Atoaye kwa masharti ya jina la mwingine hajatoa, amenunua.

Sasa tupime hoja. Mashabiki walisema: sisi hatuwatukani watu hawa, bali tunawaenzi; tumechagua jina lao kwa ushujaa wao. Hatuna sababu ya kusema kwamba wote walisema uongo. Lakini heshima ina mizani yake, na mizani hiyo haimo mikononi mwa anayeheshimu. Kijana akimkuta mzee njiani akamwambia, "Mambo?" kwa tabasamu na moyo mweupe, hajakusudia kumvunjia adabu, walakini mzee akikunja uso, kijana hawezi kumwambia, "Ungepaswa kufurahi, kwa maana nia yangu ni njema." Nia njema humwepusha mtu na lawama ya jana. Haimpi ruhusa ya kuendelea kesho akiisha kuambiwa.

Hata hivyo hoja haiishii hapo, na tungekuwa tunawadanganya wanafunzi wetu tukisema kwamba ni nyepesi. Theluthi mbili ya wapiga kura wa Spirit Lake waliukubali utumizi wa jina, na baadhi yao walikwenda mahakamani kulitetea. Watu hawa hawakuwa wajinga wala hawakununuliwa. Walijua kwamba asiyetajwa husahauliwa. Katika nchi ambayo babu zao walinyang'anywa ardhi, jina katika vifua vya wachezaji lilikuwa ushahidi kwamba bado wapo. Walihofu kwamba jina likiisha kuondolewa, chuo kitashukuru kuondokewa na kero, nao wataondolewa pamoja na jina. Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa. Basi ndugu wawili wakitofautiana juu ya jina la ukoo, mmoja akisema litumike na mwingine akikataa, nani asikilizwe?

Wengine watasema wengi washinde. Sisi hatuoni kwamba hesabu ya vichwa inatosha hapa. Shamba la ukoo laweza kugawanywa kwa mipaka, anayetaka kuuza akauza kipande chake, na asiyetaka akabaki na chake. Jina haligawanyiki. Likitumika, limetumika kwa wote. Anayeumia halina pembe ambako aweza kujificha nalo. Kadhalika hasara za pande mbili hazilingani. Aliyekubali, jina lisipotumika, hupoteza pambo na ukumbusho, na ukumbusho waweza kutafutiwa njia nyingine: somo, jumba la makumbusho, nafasi za masomo kwa watoto wake. Aliyekataa, jina likitumika, hutukanwa kila Jumamosi mbele ya maelfu, na tusi halina mbadala. Ndiyo maana katika mali isiyogawanyika tunaona neno la anayekataa lina uzito kuliko la anayekubali. Lakini anayelishika neno hilo ashike na wajibu wake: asimwache ndugu yake asahauliwe.

Sasa tunafika mahali penye ajabu kuliko pote. Baada ya jina la Sioux kuachwa, chuo hakikuiachia alama yake ya biashara. Kilihofu, na si bila sababu, kwamba kikiiachia, mfanyabiashara yeyote ataiokota na kuiuza apendavyo. Lakini sheria ya Marekani husema kwamba alama isiyotumika katika biashara kwa miaka mitatu mfululizo yaweza kuhesabiwa kuwa imetupwa. Kwa hiyo chuo kikawa kinatoa kiasi kidogo cha bidhaa zenye jina na nembo ya zamani na kuziuza, ili haki yake isife. Fikiri, msomaji: ili kulizuia jina lisiuzwe ovyo, hapana budi liuzwe kidogo. Sheria hiyo hailitambui jina kama kitu cha kutunzwa tu. Hulitambua likiwa sokoni. Likikaa nyumbani, kwa sheria ni maiti.

Hapa ndipo tunapotofautiana na fikra ile kutoka shina lake. Katika ushairi wetu malenga hupata lakabu, akaitaja katika beti za mwisho ili ajulikane. Hakuna ofisi iliyoiandikisha. Hakuiuza. Akinyamaza miaka kumi, lakabu ile haigeuki mali ya mpita njia. Na mtu mwingine akitunga kwa lakabu hiyo, washairi wenziwe watamwumbua. Aliyemlinda ni jamii yake, si risiti. Kwa lugha yetu jina la namna hiyo huitwa amana. Mali mwenyewe huweza kuifuja. Amana haifujwi, kwa kuwa aliyenayo amepokea kwa waliotangulia na atadaiwa na watakaofuata.

Je, amana yaweza kuazimwa? Tunaamini yaweza, na ipo mifano. Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kimeitwa kwa jina la Seminole tangu mwaka 1947, wanafunzi walipolichagua kwa kura. NCAA ilipokitia katika orodha yake mwaka 2005, baraza la Seminole wa Florida lilisimama kukitetea, na baada ya muda mfupi chuo kikaondolewa katika orodha. Chuo Kikuu cha Utah nacho kilitia saini mapatano na watu wa Ute mwaka 2014 juu ya jina la timu zake, na ndani ya mapatano hayo mna masharti ya kuwasaidia vijana wa Ute katika masomo na ya kuwafundisha wanafunzi wengine historia yao. Mapatano hayo yakatiwa saini upya mwaka 2020. Tofauti na North Dakota ni wazi: hapa mwenyewe aliulizwa, akajibu kwa mdomo wake.

Lakini hata ridhaa ina maswali yake. Seminole wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda Oklahoma katika karne ya 19, na vizazi vyao wapo huko. Idhini ya walio Florida haikuwaridhisha wote walio Oklahoma. Tena ridhaa ya maskini mbele ya tajiri yahitaji kuchunguzwa, kwani mwenye njaa hukubali mengi. Kwa maoni yetu ridhaa njema ina alama tatu: itolewe na wenye jina wenyewe, iwe na faida inayowafikia wao na watoto wao, na iwe yaweza kuondolewa siku watakapoona vingine. Kilichotolewa bila njia ya kurudi hakikuazimwa, kimeuzwa.

Hadi sasa tumesema juu ya jina la watu wengi. Lipo na jina la mtu mmoja. Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani viliuza jezi na kupata fedha za michezo hiyo, huku kanuni za NCAA zikimkataza mchezaji mwenyewe kupata malipo kwa jina au sura yake. Walisema kwamba yeye ni mwanafunzi, na fedha ingemharibu. Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa wa mpira wa kikapu katika chuo cha UCLA, alijiona katika mchezo wa kompyuta, umbo lake, nafasi yake na namba yake, naye hajalipwa wala kuulizwa. Mwaka 2009 akashtaki, na mwaka 2014 mahakama ikaona kwamba kanuni zile zilivunja sheria ya ushindani wa haki. Mwaka 2021 NCAA iliruhusu wachezaji wapate malipo kwa majina yao, na mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano ya kuwalipa wachezaji wa zamani kiasi cha dola bilioni 2.8. Twajiuliza: waliohofu kwamba fedha itaharibu roho ya kijana, kwa nini hawakuhofu kwamba itaharibu roho ya chuo? Fedha ikiwa ni sumu, ni sumu kwa wote. Ikiwa ni haki, agawiwe aliyetoa jasho.

Tena yupo mwingine asiyetajwa kabisa, naye ni aliyeshona fulana. Jina la chuo lipo kifuani, jina la mtengenezaji lipo shingoni, jina lake yeye halipo popote. Kampuni ya Russell Athletic ilipofunga kiwanda chake kimoja nchini Honduras, ambako wafanyakazi kama 1,200 walikuwa wameunda chama chao, wanafunzi wa Marekani walivishinikiza vyuo vyao vivunje mikataba ya leseni, na vyuo vingi vikafanya hivyo. Mwisho wa mwaka 2009 kampuni ilikubali kufungua kiwanda na kuwarudisha kazini. Hapo twajifunza jambo la kutia moyo. Chuo kinachomiliki jina kina nguvu juu ya kila mkono unaolishona. Basi anayepokea mrabaha hawezi kusema kwamba hajui yanayotendeka kiwandani, kwa maana jina lililo kifuani ni lake.

Tugeuke sasa kujitazama. Mwaka 1994 kampuni ya Disney, ilipotoa filamu yake ya mfalme simba, iliomba maneno "Hakuna Matata" yawe alama yake ya biashara kwa fulana nchini Marekani, ikaandikishiwa mwaka 2003. Mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 waliweka saini za kupinga. Ni kweli kwamba sheria haikutuzuia kuyasema maneno hayo. Ilihusu biashara ya fulana katika nchi moja tu. Lakini waliopinga walihisi lile lile walilolihisi watu wa Standing Rock: kilichokuwa cha wote kimewekewa mlango, na ufunguo umo mfukoni mwa asiyekizaa. Mnamo miaka ya 2006 na 2007 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kuliandikisha jina la kikoi. Wakenya na wenzao walipinga, na ombi hilo halikufaulu. Pale palipokuwa na macho, mwizi hakupita.

Ni rahisi kuwalaumu wageni. Ni vigumu zaidi kujiuliza tunavyofanya sisi. Picha ya Mmasai na shuka lake tumeichonga, tumeichora na kuichapa katika fulana za watalii kutoka Arusha mpaka Unguja. Mhadzabe na upinde wake amewekwa katika matangazo. Ni wangapi waliouliza kabla ya kuchapa? Ni wangapi waliopeleka sehemu ya mapato kijijini? Tukimkataza mgeni asiuze kikoi chetu, nasi tukamuuza Mmasai bila ya kumwuliza, tumegeuza dai la haki kuwa dai la zamu.

Wala hatusemi watu waache kuchagua majina ya timu. Klabu moja ya Dar es Salaam ilikuwa ikiitwa Sunderland, jina la mji wa Waingereza. Mwaka 1971 ikajiita Simba, na leo hakuna mtoto asiyelijua jina hilo. Aliyechagua alikuwa huru, na aliyechaguliwa ni mnyama wa porini asiyeweza kutukanwa kwa kusifiwa. Jina kama hilo klabu ina haki ya kuliandikisha, kulilinda na kuwashtaki wanaochapa jezi za bandia, kwa sababu wachezaji na wanachama wake ndio waliolipa thamani. Sheria ya alama za biashara ni ua mzuri. Kosa ni kudhani kwamba aliyejenga ua ndiye aliyeumba shamba.

Walimu, mnapounda timu za shule zenu na kuwaachia wanafunzi wachague majina na nembo, msilione jambo hilo kuwa la mchezo tu. Waulizeni: jina hili ni la nani? Yupo hai wa kuulizwa? Ameulizwa? Jezi hizi ameshona nani, naye amelipwa nini? Nanyi wanafunzi, mtakaposhika ofisi ambazo majina huandikishwa na leseni hutolewa, mtaletewa karatasi yenye jina la kabila, la ngoma, la vazi au la mzimu wa mahali fulani, na ada itakuwa imekwisha kulipwa. Kanuni itawaambia mtazame kama jina hilo limewahi kuandikishwa na mwingine. Kanuni haitawaambia mwulize kama lina wenyewe. Hilo mtajiuliza wenyewe kabla ya kugonga muhuri.